Paa Lililoliwa

Daktari Kaimenyi alilishika paa la Mukami kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa nzi kwenye chai, akaling'oa na kuliweka pembeni ya meza. Kisha akawageukia wanafunzi wake wa usanifu majengo waliojipanga ukutani.

"Sasa tazameni," akasema. "Si limeanza kupumua?"

Kilichokuwa kinapumua ni darasa la chekechea, mfano mdogo unaoenea kwenye sinia. Mukami alikuwa ameutengeneza kwa udongo mwekundu aliousafirisha kutoka kwao Gachoka ndani ya mfuko wa unga. Aliupepeta, akaukanda, akausimamisha kuwa kuta. Nguzo zilikuwa vijiti vya mukau, ule mti wa Mbeere ambao mchwa hawausogelei. Juu alikuwa amefunika kwa mabati aliyoyakata kwenye mkebe wa maziwa na kuyakunja mikunjo kwa mgongo wa kisu, akatia gata ya kupokea maji ya mvua, na gata ikaishia kwenye tangi dogo la kona. Wiki nzima alikuwa ametembea na plasta vidoleni. Sasa tangi lake lilibaki limeikodolea hewa macho.

"Daktari, na maji je?" Mukami aliuliza.

"Maji yapi?"

"Ya mvua. Watoto watakunywa nini?"

"Purity." Daktari alipenda kumwita kwa jina la ubatizo alipotaka kumfunza adabu. "Hii ni studio ya vifaa vya asili. Kazi yenu ilikuwa kutembea juu ya ardhi, kuigusa, kuisikiliza, halafu mjenge kwa kile inachowapa. Ardhi ya Mbeere imekupa udongo. Imekupa mawe na miti. Sasa niambie, ni shamba gani pale Gachoka linaota mabati?"

Darasa likacheka. Mukami naye akacheka, maana mtu akikukata maini mbele za watu hujui uufanye nini uso wako. Ndani, damu ilikuwa inamchemka hadi masikioni.

Meza iliyofuata ilikuwa ya Gitobu, kijana wa Timau, kule juu kwenye baridi ambako ngano hulimwa mpaka macho yachoke kuitazama. Gitobu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ulimi laini na mkono mzuri wa kuchora, na mambo hayo mawili yamewafikisha wengi mbali. Darasa lake lilivaa paa nene la majani ya ngano, la rangi ya dhahabu, lililoshuka karibu na ardhi kama kofia ya mzee aliyesinzia. Alieleza kwamba Meru na Embu zote zimelala miguuni pa mlima mmoja, kwa hiyo majani ya Timau yakiteremka hadi Gachoka yatakuwa yamekwenda tu kuwaamkia jamaa zao. Daktari alifumba macho kwa utamu.

"Lakini hayo majani si yatapanda lori?" Mukami akadakia. "Lori lipite Meru, lipite Embu, lipite mbele ya duka la mabati, ndiyo lifike kwetu?"

"Mabati ni kiwanda," Daktari alisema. "Majani ni mmea."

Hapo mjadala ukafungwa, na mchoro wa Gitobu ukashinda.

Yangekuwa ni mambo ya alama tu, Mukami angelia kidogo hosteli, angekunywa chai, yangeisha. Lakini mchoro ulioshinda ulikuwa ujengwe kweli, kwa ufadhili wa chama fulani cha wasanifu, na ujengwe katika uwanja wa shule iliyo chini ya boma la mama yake. Kanisa lilikuwa limekwisha kutoa tangi kubwa jeusi la plastiki, lingoje darasa jipya lenye paa la kuvuna maji. Tangi hilo ndilo lililokuwa roho ya jambo lote. Mvua ya Gachoka ni mgeni mwenye haraka: ukikutwa mlangoni umempata, ukichelewa kashapita. Anayeivuna ile ya mwisho wa mwaka hunywa hadi Pasaka. Asiyevuna huteremka na mtungi hadi kwenye mchanga wa mto uliokauka, akachimba, akangoja shimo liteme maji ya rangi ya chai. Watoto wa chekechea wa pale huenda shule na daftari mkono mmoja na kimtungi mkono mwingine, wengine wakiwa hawajui hata kufunga vifungo vya shati.

Na Daktari aliyaona yote hayo, ndiyo maana hasira ya Mukami haikupata pa kukaa. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa amelileta darasa zima Gachoka. Walipewa siku ya kuizunguka ardhi. Waliufinyanga udongo kuwa vidonge, wakauonja kwa ncha ya ulimi kusikia mchanga, wakautia katika chupa za maji na kutikisa ili waone ungetulia kwa matabaka gani. Kwa Mukami ile ilikuwa siku ya furaha, hilo lazima lisemwe. Alikuwa amekua anaukanyaga udongo ule bila kujua kwamba ule wa kichuguu hushika kuliko wa shambani, na kwamba changarawe ya mlimani ukiichanganya nao unapata ukuta usiopasuka. Daktari huyo huyo ndiye aliyemfundisha. Kisha Daktari akapiga magoti mchangani, akafumba macho, akawaambia wanyamaze, waisikilize ardhi. Wakati huohuo akapita mwanamke na punda aliyebeba mitungi ya maji. Daktari akafumbua macho, akampiga punda picha, akamwomba mwanamke asogee kidogo kwa sababu anaziba mandhari.

Mwanamke yule alikuwa Ciakuthii, mama yake Mukami. Alisogea. Ardhi ilikuwa imesema wazi kabisa ilichotaka kusema, na mwenye kuisikiliza aliiambia ijipange vizuri kwa picha.

*

Darasa lilijengwa likizo ya katikati ya mwaka. Wanafunzi walikuja na buti mpya, wakakanyaga udongo kwa nyimbo, na kuta zikapanda nzuri, nene, za kupoza joto. Wazazi walisaidia kwa mikono miwili. Lakini lori la Timau lilipowasili na marobota ya majani ya ngano, Mwalimu Njue, mkuu wa shule, aliona nyuso za wazazi zikibadilika, akaitisha kikao chini ya bendera.

"Daktari," alisema kwa adabu, kofia mkononi, "wazazi wanauliza. Hii nyasi maji yake itaenda tangi aje?"

"Mwalimu, hili ni darasa la mfano. Watu watakuja kuliona kutoka mbali."

"Ni sawa. Lakini tangi?"

"Tangi tutaliangalia baadaye. Kwanza waamuzi wa shindano waje walione lilivyo. Mpaka siku hiyo, naomba mtu asiguse kitu. Asiongeze, asipunguze."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wahenga hawakuwa wamekutana na wasanifu. Wazazi walitazamana, wakameza mate machungu, wakapiga makofi, kwa sababu Mmbeere hamrudishii mtu zawadi mkononi. Mukami alikuwa juu ya ngazi akifunga majani kwa kamba ya katani. Aliyavuta yale mafundo kana kwamba anamnyonga mtu.

Mvua ya Machi ilikuwa imewadanganya watu mwaka ule. Ilinyesha siku za kuhesabika kwa vidole, ikaotesha mtama wa kufika magotini, ikaondoka. Mwezi wa tisa ulipofika, mashamba yalikuwa meupe na ng'ombe wameota mbavu. Mukami alirudi nyumbani wikendi moja, akakuta ng'ombe wa mama yake, yule mwekundu mwenye ndama, amesimama zizini anatafuna taratibu, kwa heshima, kama mzee wa kanisa. Mdomoni mwake mlining'inia jani la dhahabu.

Mukami alilivuta lile jani. Akalitazama. Alikuwa amefunga maelfu yake, hakuhitaji kuambiwa lilikotoka.

"Mama!"

Ciakuthii alitoka jikoni akifuta mikono kwa leso.

"Hii ni nini?"

"Si chakula cha ng'ombe?"

"Mama, hii ni paa la shule!"

"Ilikuwa," mama yake alikubali.

Mukami aliteremka mbio hadi shuleni. Kwa upande wa barabarani, darasa lilikuwa zima, limependeza, kama siku lilipopigwa picha. Alizunguka nyuma. Nyuma hapakuwa na paa. Kulikuwa na fito tupu kutoka ukingoni hadi kileleni, safi, kana kwamba zimechanwa kwa kitana, na jua lilikuwa limeketi ndani kwenye viti vya watoto.

Ciakuthii alimfuata polepole, hakuwa na la kuficha. Ulikuwa ni mpango wa chama cha akina mama, alieleza. Hakuna aliyeiba. Walikaa wakakubaliana zamu, na sheria zilikuwa mbili: mwenye ng'ombe anayenyonyesha aanze, na kila mtu achune upande wa nyuma.

"Kwa nini nyuma?"

"Mwenye zawadi haaibishwi, wakwa, mwanangu. Akipita barabarani akute zawadi yake iko. Tumekula upande asiouona."

Mukami aliketi chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yale machozi yakageuka yakawa ya hasira, na hakuweza kusema ni dakika gani yaligeuka. Hakuwakasirikia akina mama. Ng'ombe wako akiwa anakufa, na chakula chake kimewekwa juu ya nyumba kikaitwa sanaa, utafanyaje? Alimkasirikia Daktari, akamkasirikia Gitobu, akajikasirikia mwenyewe kwa kukaza yale mafundo. Zaidi ya yote, alikasirika kwa sababu mawingu yalishaanza kupita upande wa Kiambere, na tangi lile jeusi lilikuwa limesimama kwenye kona limekauka, mjusi ametaga ndani.

Mama yake akamwambia kwamba wazazi walikuwa tayari kutoa mabati yao wenyewe. Mukami alimpigia Daktari simu palepale.

"Daktari, paa limeliwa."

"Limefanya nini?"

"Limeliwa. Na ng'ombe. Lakini sikiza, wazazi wamekubali kila boma litoe bati moja kutoka jikoni kwake. Mbao zipo, fundi yupo. Tukiezeka sasa, mvua ya mwezi wa kumi itakuta tangi liko tayari. Tupe ruhusa tu."

Sauti ya Daktari ikaja imepoa, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko kufoka. "Purity, waamuzi wanakuja baada ya wiki chache. Hili darasa likiwekwa mabati makuukuu ya jikoni, tumetoka kwenye shindano. Waambie watu wako wasiguse. Na nikisikia umeingiza mkono, hiyo kazi yako ya mwaka mimi sitaitia sahihi. Nitamtuma Gitobu na majani."

Watu wako. Maneno hayo mawili alikwenda kulala nayo, akaamka nayo.

Mwalimu Njue naye aliogopa. Mfadhili akiudhika, alisema, hata darasa la kwanza halitapata kitu. Basi mabati yakabaki jikoni, na mvua ya kwanza ikanyesha alasiri moja ya mwezi wa kumi, nzito, tamu, ya kujaza tangi robo. Ilipita katikati ya fito, ikalowesha viti, ikakwangua ukuta wa nyuma, ikatoka mlangoni na kuteremka barabarani. Asubuhi yake watoto waliruka madimbwi, mikononi wakiwa na vimtungi vyao, kwenda kuchimba mchangani. Ciakuthii alimsimulia bintiye hayo yote kwa simu.

*

Gitobu aliwasili na lori siku moja kabla ya waamuzi. Majani hayakuwa mengi. Ngano ya Timau nayo haikuwa imefanya vizuri. Mukami alipanda juu kumsaidia kwa sababu aliamriwa. Walifunga pamoja, mpaka Gitobu alipoanza kuongeza majani upande wa mbele, ambao ulikuwa na afya njema.

"Nyuma ndiko kuko wazi," Mukami alisema.

"Daktari amesema mbele ndiko gari zitasimama."

"Na wewe umeona ni sawa?"

Gitobu aliinua mabega. "Mukami, mimi nataka tu hii kitu iishe. Unajua, hata kwetu majani tunalisha ng'ombe. Tukivuna tu, watu wanapanga laini kuchukua."

Mukami aliachia kamba. "Ulikuwa unajua?"

"Kila mtu wa Timau anajua."

"Ulijua, na ukachora?"

"Daktari aliipenda," Gitobu alisema, na hakumwangalia usoni.

Kama si ile ngazi, pengine angempiga. Si mtu wa hasira, alikuwa na kawaida ya kujisemea, na kila aliyemjua alicheka akisikia hivyo. Alishuka, akaenda kuketi kwa mama yake, akakataa chai, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika boma lile.

Kesho yake magari ya waamuzi yalisimama mbele, kama ilivyotakiwa. Walikuwa watu watatu, wakiongozwa na mama mmoja mrefu aliyevaa kilemba cha kitenge, mtu wa macho makali. Daktari alikuwa amesimamisha mabango makubwa ya plastiki kwenye vyuma, marefu kuliko mtu, yakionyesha michoro ya Gitobu: darasa la dhahabu, watoto wanacheka, punda amepita kwa nyuma. Wazazi waliketi kwenye viti vya kukodi. Watoto waliimba. Mawingu yalikuwa yameshuka chini tangu asubuhi, lakini kwenye hotuba yake Daktari aliyaita mandhari.

"Tungependa kusikia kutoka kwa mzazi," alisema yule mama wa kilemba.

Mwalimu Njue alimtazama mzee wa kamati, mzee wa kamati akatazama viatu vyake. Ciakuthii akasimama. Kiswahili anakijua, sokoni humshinda yeyote kwa bei, lakini akipandwa na hasira hurudi kwenye lugha aliyozaliwa nayo, kwa sababu, husema, Kiswahili hakina mahali pa kushika. Akasema kwa Kimbeere, polepole, akielekeza kidole.

Alisema hivi: nyumba hii ina kuta nzuri, na aliyezifikiria kuta Mungu ambariki. Lakini paa lake tumewapa ng'ombe, kwa sababu lilikuwa chakula cha ng'ombe toka mwanzo, na sisi si wezi. Tuliomba tuweke mabati yetu wenyewe ili watoto wanywe maji, tukakatazwa ili ninyi mpate kutazama. Mvua moja imekwisha kupita. Ile nyingine ni hiyo inayokuja. Mkimaliza kutazama, mtuambie, maana sisi tuna kazi.

Akaketi. Wazazi walinguruma kumuunga mkono.

Waamuzi hawakuwa wa upande huo, wakamgeukia Daktari. Kimeru na Kimbeere ni majirani wa kuombana chumvi. Daktari Kaimenyi, aliyezaliwa Mmeru, alikuwa ameelewa kila neno, na rangi ya uso wake ilionyesha hivyo. Alitabasamu.

"Mama anashukuru," alitafsiri. "Anasema kuta zimembariki. Na anasema kwa ucheshi wao wa kienyeji kwamba hata ng'ombe wamelipenda paa, kwa sababu limetoka ardhini na litarudi ardhini. Kwa kweli, hilo ndilo wazo lenyewe la mradi wetu: jengo linalolisha."

Waamuzi wakapiga makofi. Mmoja akaandika kitu. Gitobu aliinamisha kichwa.

Mukami hakukumbuka baadaye alivyosimama. Alikumbuka tu kwamba aliona mikono ya mama yake juu ya mapaja, imekunjwa, na mama yake akitazama mbele bila kupepesa, kama mtu aliyepigwa kofi kanisani.

"Hakusema hivyo," Mukami alisema.

"Purity, kaa chini."

"Hakusema hivyo! Mimi ni mtoto wake na ni mwanafunzi wa huyu bwana, na hakusema hivyo!" Sauti yake ilipasuka, akaiacha ipasuke. Akayatafsiri yote, neno kwa neno, hakuongeza chumvi wala hakupunguza, kuta na ng'ombe na mabati na mvua iliyopita. Alipomaliza akaongeza la kwake. "Na ucheshi wa kienyeji hakuna. Mama yangu hajacheka tangu mwezi wa kumi uanze. Kama mnaona natia chumvi, zungukeni nyuma."

"Huyu msichana ana matatizo na alama zake," Daktari aliwaambia waamuzi kwa sauti ya upole.

Lakini yule mama wa kilemba alikuwa amekwisha kuinuka. Alizunguka nyuma ya darasa peke yake, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Aliporudi alimwendea Daktari. "Mbona hukutuambia kuna nyuma?" aliuliza.

Daktari alikuwa na jibu, maana watu wa aina yake huwa nalo siku zote. Hakulimaliza. Mvua ilimwagwa juu yao kama beseni.

Waamuzi walikimbilia magari. Viti vya kukodi vikapinduka. Watoto walisukumana ndani ya darasa, chini ya ule upande wenye majani, na majani yakaanza kuvuja kwenye vichwa vyao. Kwa nyuma maji yalipita kwenye fito bila hodi na kuanza tena kuukwangua ukuta. Ciakuthii alisimama katikati ya uwanja, amelowa, akalitazama tangi. Tone moja moja lilikuwa linadunda juu ya mfuniko wake na kuanguka chini.

"Ni hii," alisema. "Mwaka huu hakuna ingine." Halafu akapiga kelele ambayo Mukami hakuwahi kuisikia kutoka kwake. "Akina mama! Hayo mabango!"

Waliyarukia. Walichomoa plastiki kwenye vyuma, wakazipitisha juu ya zile fito za nyuma, wakazifunga kwa leso zao na kwa kamba zilezile za katani. Darasa la dhahabu la Gitobu lilipanda juu ya paa lililotobolewa, punda akiwa kichwa chini. Mukami alikuwa kwenye ngazi kabla hajafikiri. Sasa miaka yake yote ya kuchora ilishuka mikononi: hapa inueni, pale shusheni, bango la juu lilalie la chini, msilipishanishe hivyo, maji yatatoka pembeni. Lile la mwisho walilikunja katikati, likawa gata pana, upande mmoja umeshikwa na Ciakuthii, upande wa pili, ule wa kwenye mdomo wa tangi, umeshikwa na Mukami. Mwalimu Njue aliutupa ule mfuniko mbali kabisa, kofia yake imeanguka matopeni na hajali.

Maji yalisita, yakajikusanya tumboni mwa plastiki, kisha yakaja. Yaligonga sakafu ya tangi kwa kishindo, na wazazi wakapiga yowe.

"Hayo mabango ni ya maonyesho!" Daktari Kaimenyi alikuwa amesimama chini ya ngazi, suti imemgandama mwilini, mvua inamtiririka kutoka kwenye miwani. "Ni mali ya idara! Purity, teremka! Teremka sasa hivi, ama huu mwaka utaurudia. Unanisikia? Utaurudia wote!"

Alikuwa anamsikia vizuri sana. Alijua kwamba hatanii, na kwamba sahihi ni yake, na kwamba mwaka ni mrefu. Mikono ilikuwa inamwuma kwa uzito wa maji. Mtu alipanda ngazi kwa upande wa pili, akashika ukingo wa plastiki uliokuwa unalegea. Alikuwa Gitobu. Mukami hakumshukuru. Hakuwa amemsamehe, na mikono yake alikuwa anaihitaji.

"Purity!"

Mukami alifuta maji usoni kwa bega, akamtazama mama yake kule mwisho wa bango.

"Mama," akasema, "inua kwako kidogo."

Ciakuthii akainua.